Kuunganisha PS na monita ya kompyuta: tazama kwanza mgongo wa monita

Jumamosi iliyopita jioni kijana wa nyumba ya pili alinigongea mlango, monita kwapani, PS4 (PlayStation 4, mashine ya gemu ya Sony) kwenye begi la shule. Monita ilikuwa mtumba wa ofisini, inchi 22, kioo safi hakina hata mkwaruzo, na bei aliyoipata ilikuwa ya kufurahisha. Waya wa HDMI alikuwa nao. Kilichomkwamisha ni kwamba waya ule haukuwa na pa kuingia. Nyuma ya monita palikuwa na matundu mawili tu ya picha: moja la bluu lenye vishimo 15, jingine jeupe na pana zaidi. "Kaka, nimepigwa?" akaniuliza.

Hakupigwa. Kabla ya isha tulikuwa tumeshaiwasha, picha kali, sauti inatoka kwenye sabufa ya mama yake. Lakini tulipita kwanza kwenye vizuizi vitatu ambavyo kila anayefunga PS kwenye monita hukutana navyo: tundu lisilolingana na waya, kioo cheusi hali kila kitu kimechomekwa sawasawa, na sauti isiyojulikana imekwenda wapi. Nimefunga PS nyingi, za majumbani na za vibanda vya gemu, na karibu kila aliyekwama alikwama kwenye mojawapo ya hayo. Nitayaeleza kwa mpangilio ule ule ninaoufuata nikiwa na mashine mbele yangu. Mfano wangu mkuu ni PS4. PS5, PS3 na PS2 nitazitaja pale zinapokwenda njia nyingine.

Kuna wanaoiona monita kama kitu cha kujishikiza mpaka hela ya TV ipatikane. Mimi siioni hivyo kabisa. Gemu ya mpira kwenye PS4 huchora picha 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 16.7. TV nyingi hupokea picha hiyo, zikaipaka rangi, zikailainisha, ndipo zikuoneshe, na usipowasha ule mpangilio wake wa gemu, unabonyeza shuti huku kwenye kioo mchezaji bado anajipanga. Anayepiga penalti anajua hasara yake. Monita ya ofisi haina mapambo hayo. Inaonesha kilichokuja, basi. Tena ya LED ya inchi 22 mara nyingi hula wati 20 hadi 30 tu, na mwenye kibanda cha PS nne kwenye mita moja ya umeme wa LUKU anauona mwenyewe umuhimu wa jambo hilo.

Geuza monita kabla ya kutoa hela

Hatua ya kwanza haihitaji umeme wala waya. Laza monita kifudifudi juu ya kitambaa laini, usome matundu yake. Usinunue waya wowote kabla ya hapo, na usimwachie muuza waya akukisie.

Ukikuta tundu la HDMI, lile bapa lenye pembe mbili za chini zilizokatwa, kazi imekwisha nusu. Waya wa kawaida wa HDMI wa mita moja na nusu au mbili unatosha. Kwa PS4 inayotoa 1080p, yaani picha ya nukta 1920 kwa 1080, huna haja ya waya wa bei kubwa unaosifiwa kwa 4K na 8K. Hautaongeza hata nukta moja. Ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya kuchomeka.

Tundu jeupe na pana, lenye safu tatu za vishimo na mkato mmoja bapa pembeni, ni DVI. Hili ndilo watu wengi hulidharau bure. Ndani ya DVI na HDMI picha husafiri kwa lugha moja, ya kidijitali, kwa hiyo waya wa HDMI kwenda DVI hauna kigeuzi chochote ndani yake. Ni nyaya tu zilizopangwa upya kwenye kichwa chenye umbo jingine. Ndiyo maana bei yake ni ndogo na picha yake ni sawasawa na ya HDMI, nukta kwa nukta, hadi 1080p kwa picha 60. Monita ikiwa na DVI na VGA pamoja, kama ile ya kijana wangu, chagua DVI bila kusita. Ina mambo mawili tu ya kuangalia: haipitishi sauti, na monita za zamani zenye DVI zinaweza kukupa kioo cheusi kwa sababu ya kufuli ambalo nitalieleza mbele.

Tundu la bluu lenye vishimo 15 ni VGA. Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. VGA ni ya analojia, PS4 haitoi analojia hata kidogo, kwa hiyo lazima pawe na chipu katikati ya kutafsiri. Sokoni kuna waya zenye kichwa cha HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, ndani hamna chipu. Ni nyembamba, nyepesi, bei yake ya kuvutia, na kwenye PS hazifanyi kazi na hazitafanya kazi. Unachotaka ni konveta: kiboksi kidogo, au waya ambao kichwa chake cha HDMI kimenenepa kwa sababu chipu imewekwa humo. Iliyo nzuri ina vishimo viwili ubavuni, kimoja cha duara cha kutolea sauti, sawa na cha hedifoni, na kingine cha USB ndogo cha kuiongezea umeme. Kishimo hicho cha umeme usikidharau. Tundu la HDMI lina volti 5 zake, lakini kiwango kinacholazimishwa ni miliampea 55 tu, na chipu nyingine zinataka zaidi. Picha ikiwa inakuja na kupotea, chukua waya wa chaja, uchomeke konveta kwenye USB ya mbele ya PS yenyewe. Mara nyingi dawa inakuwa hiyo.

Angalia pia mwelekeo. Konveta ya HDMI kwenda VGA na ile ya VGA kwenda HDMI zinafanana kama mapacha, ila kila moja inatafsiri upande mmoja tu. Muulize muuzaji hivi: "Picha inaingilia wapi, inatokea wapi?" Inatakiwa iingilie HDMI, itokee VGA. Na omba ijaribiwe dukani.

Ninasisitiza mwelekeo kwa sababu uliwahi kuniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilipata monita mbili zenye matundu ya DisplayPort na VGA tu, kioo kizuri, nikataka zifungwe kwa ubora wake wote. Nikaenda duka moja, nikaeleza: natoka PS, naingia kwenye monita. Nikauziwa waya mbili za DisplayPort kwenda HDMI, nikaapiwa kwamba zinakwenda pande zote. Usiku kucha nilikuwa nabadilisha matundu, nawasha na kuzima, na kioo kinaniandikia "No Signal". Asubuhi nikazisoma kwa makini: waya zile zimetengenezwa kwa kompyuta yenye DisplayPort inayopeleka picha kwenye TV ya HDMI. Kinyume chake haziendi. Kurudishiwa hela nilikataliwa. Kwa hiyo monita yenye DisplayPort, tundu linalofanana na HDMI lakini lenye pembe moja tu iliyokatwa, inataka konveta maalumu inayoingilia HDMI, yenye chipu na mkia wa USB wa umeme. Ipo, ila bei yake imepanda kidogo. Kama monita hiyo ina DVI au VGA pia, nakushauri uanzie huko.

Laptop je? Swali hili naulizwa kila wiki. Tundu la HDMI la laptop ni la kutoa picha, si la kupokea. Hata ukichomeka PS humo mchana kutwa, hakuna kitakachoonekana, na wala laptop haina ubovu. Njia iliyopo ni programu ya Remote Play ya Sony, inayoleta picha ya PS4 au PS5 kwenye laptop kwa njia ya mtandao. Sony wenyewe wanataka kasi isiyopungua megabiti 5 kwa sekunde na wanapendekeza 15. Kwa mtandao wa simu unaopanda na kushuka, mpira wa kushindana hauchezeki hivyo.

Soma kibandiko cha umeme

Hii ni fupi lakini usiiruke. Monita nyingi zinaandika 100–240V nyuma, hizo chomeka tu. Zile zinazotumia adapta ya pembeni, volti za adapta lazima zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye monita, na ampea ziwe sawa au zaidi. Mitumba mingi huuzwa bila adapta yake, na adapta ya volti 19 inaweza kuingia vizuri tu kwenye tundu la monita inayotaka 14. Itaingia, na itaunguza. Mashine ya gemu iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani nayo isome kibandiko kabla ya kuichomeka kwenye umeme wetu, hasa za zamani kama PS2. Palipoandikwa 120V peke yake, bila transfoma ya kushusha umeme usithubutu.

Namna ya kuchomeka

Umewahi kushika chuma cha nyuma ya PS ukahisi kama unachonyotwa? Waya wa umeme wa PS4 nyingi una pini mbili upande wa mashine, hauna eathi, na umeme kidogo sana unaovuja kwenye vichujio vya pawasaplai hubaki kwenye chuma zake. Monita yako ina eathi. Ukizikutanisha kwa waya wa HDMI zote mbili zikiwa kwenye umeme, tofauti ile hupita hapo hapo kwenye tundu, na chipu ya HDMI ya PS inaweza kufa. Ni chipu ndogo, ila kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa moto, na bei yake unaijua. Kwa hiyo mimi huenda hivi, kila mara:

1. Chomoa PS na monita kutoka ukutani. Zote mbili. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.
2. Chomeka waya wa HDMI kwenye PS, taratibu na kwa kunyoosha, kisha upande wa monita au konveta. Waya wa DVI au VGA una skrubu mbili. Zikaze kwa vidole tu.
3. Chomeka monita kwenye umeme, iwashe, ingia kwenye menyu yake uchague tundu ulilotumia. Monita nyingi hujichagulia zenyewe, lakini zenye matundu matatu hupenda kung'ang'ania VGA.
4. Ndipo uchomeke PS na kuiwasha.

Monita inatangulia kuwaka kwa sababu PS inapoamka huiuliza monita: wewe unaweza picha za ukubwa gani? Ikikuta usingizi upande wa pili, inaweza kuchagua vibaya.

Taa ya PS4 itapepesa bluu kisha itakuwa nyeupe. Nyeupe pamoja na picha, nenda kwenye sauti. Nyeupe na kioo cheusi, endelea na sehemu inayofuata. Ikibaki bluu bila kugeuka nyeupe, shida huenda iko ndani ya PS yenyewe, ijaribu kwanza kwenye TV kabla ya kuilaumu monita.

Kioo cheusi

Sababu kubwa ni mbili, na utazitofautisha kwa kile ambacho monita inakuandikia.

Monita ikiandika "Out of Range" au "Input Not Supported", maana yake picha inafika ila ni kubwa kuliko inavyoweza. Hutokea sana kwenye monita za mraba za inchi 17 na 19, zenye nukta 1280 kwa 1024, zikipelekewa 1080p kwa VGA. Dawa ni kuishusha PS hadi 720p, yaani nukta 1280 kwa 720, na kwa kuwa huoni kitu, utapitia mlango wa dharura:

Zima PS4 kabisa. Bonyeza kitufe cha kuwashia na usikiachie. Utasikia mlio wa kwanza, na kama sekunde saba baadaye mlio wa pili. Hapo achia. Picha itakuja kwa ukubwa mdogo ambao karibu kila monita inauweza. Unganisha pedi kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS, kisha chagua namba 2, "Change Resolution". Kwenye PS5 namba 2 imeandikwa "Change Video Output". Waya wa pedi uwe wa kupitisha data. Nyaya nyingi za chaja za bei ya chini hupitisha umeme tu. Pedi itajaa chaji vizuri lakini PS haitaitambua, na mtu anadhani mashine imeganda.

Usiguse namba 6 wala 7 kwenye orodha ile. Hizo zinafuta kila kitu kilichomo.

Kama ulipokuwa kwenye TV picha ilikuwapo, na kwenye monita kioo ni cheusi tii bila maandishi ya "Out of Range", basi umekutana na lile kufuli nililolitaja. Linaitwa HDCP. Liliwekwa kuzuia watu wasirekodi filamu: PS hufunga picha kwa msimbo, na ni kifaa chenye ufunguo tu kinachoweza kuifungua. Monita za DVI za zamani nyingi hazina ufunguo huo, na konveta nyingine za VGA pia. Kwa bahati nzuri, toka toleo la programu 1.70 la Aprili 2014, PS4 inakuruhusu kulifungua. Azima TV yenye HDMI kwa dakika tano, ya jirani hata, ingia "Settings", halafu "System", utaona "Enable HDCP" imewekewa alama ya vema. Ondoa alama hiyo. Kwenye PS5 ni "Settings", "System", "HDMI". Ukishamaliza, zima, rudi kwenye monita yako. Programu za filamu zinaweza kukataa kuonesha wakati kufuli limefunguliwa, gemu hazitakusumbua.

Monita ya kijana wangu ilikuwa hivyo hivyo. Waya wa DVI tuliupata dukani nyuma ya stendi, tukachomeka, taa nyeupe, kioo giza. Akaanza kuifunga monita kwenye kanga aliyokuja nayo. Nikamwambia tupandishe PS kwenye TV ya sebuleni kwanza. Tulipoondoa ile alama na kurudi, maandishi yalitokea makali kiasi kwamba aliinama kuyasoma kwa karibu, yale madogo ya chini kabisa ambayo kwenye TV ya nyumbani hakuwahi kuyaona vizuri.

PS3 haina ruhusa hiyo. Kufuli lake halifunguki kutoka kwenye menyu, kwa hiyo PS3 itafutie monita yenye HDMI, au DVI inayokubali HDCP. Ila PS3 iliyopoteza picha kwa sababu ya mpangilio mbaya ina njia rahisi: ikiwa kwenye taa nyekundu, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mlio wa pili, itarudisha mpangilio wa picha mwanzo.

Sauti

Monita nyingi za ofisini hazina spika. Hili ndilo watu hulisahau mpaka kibanda kimefunguliwa na wateja wamekaa kimya. Njia za kutoa sauti ni nyingi, nitazipanga kwa jinsi ninavyozipenda.

Monita iliyounganishwa kwa HDMI na yenye kishimo cha hedifoni ndiyo rahisi kuliko zote. Sauti imefika pamoja na picha. Chomeka sabufa hapo. Tazama tu alama ya kishimo. Chenye picha ya hedifoni kinatoa sauti. Monita nyingine zenye spika ndogo zina kishimo cha kuingizia sauti ya kompyuta, na ukichomeka sabufa hapo utasubiri sana.

Kwa wanaotumia konveta ya VGA, sauti iko kwenye kile kishimo cha ubavuni mwa konveta. Isipotoka, nenda "Settings", "Sound and Screen", "Audio Output Settings", halafu kwenye "Audio Format" chagua "Linear PCM". Hiyo ni sauti ya kawaida isiyofungashwa, kila kifaa kinaielewa.

Kwa DVI hakuna sauti kwenye monita, basi angalia nyuma ya PS4. Ile nene ya mwanzo, ya 2013, ina tundu la mraba la sauti ya mwanga, "Optical". Slim ya 2016 haina, na PS5 haina. Ukiwa nalo, nunua kiboksi kinachobadili sauti hiyo kuwa ya waya nyekundu na nyeupe, sabufa yako itaipokea. Kumbuka kuchagua "Digital Out (OPTICAL)" kwenye mpangilio wa sauti na kuchagua ile ile "Linear PCM", maana viboksi vidogo havielewi sauti iliyofungashwa ya Dolby wala ya DTS, vitakaa kimya au vitoe mkwaruzo.

PS4 ya kijana wangu ni Slim, kwa hiyo tulitumia pedi. DualShock 4, yaani pedi ya PS4, ina kishimo cha hedifoni chini yake. Waya wa 3.5 mm upande mmoja, nyekundu na nyeupe upande wa sabufa, unamaliza kazi. Mwanzoni hutasikia kitu, kwa sababu PS4 huchukulia kwamba kishimo kile ni cha maongezi tu. Ingia "Settings", "Devices", "Audio Devices", kwenye "Output to Headphones" chagua "All Audio", kisha pandisha "Volume Control" ya hapo hapo. Nyumbani njia hii ni nzuri. Kwenye kibanda siipendi, maana pedi inarushwa, inavutwa, na waya ule hauchukui mwezi. Kibandani natumia kadi ya sauti ya USB, kile kidude kidogo kama flashi chenye vishimo viwili. Nyingi PS4 huzikubali bila kuongeza programu yoyote, na kinakaa nyuma ya mashine ambako mikono ya wachezaji haifiki.

Mwenye Slim au PS5 na DVI anaweza pia kuweka kati yao kiboksi kinachochomoa sauti kutoka kwenye HDMI. Nikitumia hicho huweka swichi yake ndogo kwenye "2CH". Monita ya DVI huiambia PS kwamba haina sauti, nayo PS ikaacha kuituma. Swichi ile inajibu badala ya monita.

PS3 ina uzuri wake hapa. Picha inaweza kwenda kwa HDMI na sauti ikatoka kwenye ule waya wa zamani wa AV, wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe. Achia cha njano kining'inie, chomeka nyekundu na nyeupe kwenye sabufa, kisha kwenye mpangilio wa sauti chagua AV.

Kunyoosha picha

Picha ikiwa imefifia, nyeusi inaonekana kama majivu, au giza limemeza kila kitu, PS na monita hazijakubaliana kuhusu upana wa rangi. Nenda "Sound and Screen", "Video Output Settings", "RGB Range", badilisha kati ya "Limited" na "Full" ukitazama sehemu yenye kivuli ndani ya gemu. Inayoonesha nyeusi kuwa nyeusi bila kuficha maelezo ndiyo yako.

Kwa VGA, picha ikiwa na ukungu au imesogea pembeni, bonyeza kitufe cha "Auto" cha monita. Lakini kibonyeze ukiwa kwenye picha angavu iliyojaa kioo kizima, kama uwanja wa mpira mchana. Ukikibonyeza kwenye kioo cheusi monita haitajua mipaka ya picha iko wapi.

Monita ya mraba huwarefusha wachezaji wakawa kama milingoti, kwa kuwa picha ya PS ni pana na kioo si pana. Tafuta kwenye menyu ya monita neno "Aspect". Ikikubali, 720p itakaa kwa umbo lake halisi na utabaki na mistari 152 myeusi juu na 152 chini. Mimi naipenda hivyo kuliko kuona mpira wenye umbo la yai. Monita isiyo na chaguo hilo, tumia kwa gemu za mapigano au magari, usiinunue kwa ajili ya mpira.

Mwenye PS5 na monita ya 1440p aisasishe mashine yake. Sony waliongeza ukubwa huo Septemba 2022. PS4 haitoi 1440p, hata Pro, kwa hiyo kwenye monita kama hiyo itabidi 1080p ivutwe na italegea kidogo.

PS2

Bado zipo, na bado zinachezwa. PS2 hutoa picha kwa waya wa AV, njano nyeupe nyekundu, na mistari yake huchorwa kwa kasi ya kilohezi 15 na kitu, yaani mistari elfu 15 na kitu kwa sekunde, wakati monita za VGA huanzia kama 31. Kwa hiyo waya wa kubadili vichwa tu hausaidii. Unahitaji kiboksi cha AV kwenda HDMI au cha AV kwenda VGA, chenye umeme wake wa USB. Wenye kumbukumbu watavikumbuka vile viboksi vya kugeuza monita kuwa TV, vilivyokuwa vimejaa kabla ya mitambo ya TV ya analojia kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012. Kikiwa na tundu la AV, bado kina kazi: kitapokea PS2 na kuipeleka VGA bila taabu. Kitachelewesha picha kidogo, na maandishi hayatakuwa makali, ila gemu itachezeka.

Kabla hujakaa kucheza, zungusha waya wa HDMI mara moja kwenye mguu wa meza au wa rafu, sentimita kumi hivi kutoka kwenye PS, uufunge kwa zipu tai. Mtoto akijikwaa au mtu akiivuta mashine, mvuto utaishia kwenye mguu wa meza, si kwenye tundu. PS zinazoletwa kwangu zikiwa hazina picha, nyingi tundu lake limepinda pini kwa sababu ya mvuto huo tu.